Mtaa Uliojifanya Duka

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, nyepesi, ya kulowesha vumbi tu. Nilipofungua dirisha la mbele nikakuta wamebandika karatasi kwenye nguzo ya umeme, wameifunika nailoni isilowe. Halmashauri inatangaza kwamba mtaa wetu utapangiwa upya matumizi yake, na afisa mipango miji atapita kabla mwezi haujaisha aandike kila nyumba inatumika kwa nini. Tuko nyumba thelathini na sita, tangu kona ya kinyozi hadi ukuta wa ghala.

Nilimsomea Baba. Akauliza ina kurasa ngapi, nikamwambia mmoja. "Basi kurasa nyingine ziko ofisini," akasema, akaendelea na chai yake.

Jumatano, 6 Machi

Karakana nzima tunashona mapazia ya zahanati. Rangi ya maziwa. Nimesinzia kwenye cherehani mara mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Kinyozi ametuita wote kwake jioni. Tulibanana, wengine wamekaa kwenye viti vya kunyolea, wanajiangalia kwenye kioo huku wakizungumza.

"Mtu amekaa kwenye kiti hiki hiki," alisema Kinyozi, "akaniambia mtaa ukiwa wa kulala tu, unavunjwa. Wenye biashara hauguswi. Halmashauri inapenda leseni."

Kinyozi hutia chumvi hata akikueleza saa ngapi. Lakini nilimwamini, na sababu yake ni moja: Baba. Huu ni mwaka wa kumi na moja haoni. Mtaa huu anautembea peke yake kila asubuhi nikiwa kazini, hatua mia mbili na kumi na mbili hadi kona, anageuka, anarudi. Analijua geti la Mwalimu kwa mlio wake, anaujua mtaro kwa harufu. Kaka aliwahi kumchukua akae kwake miezi miwili. Miezi miwili yote alikaa kwenye kiti kimoja, hata barazani hakutoka, na aliporudi suruali zilikuwa zinamvuka. Akihamishwa hapa hatatembea tena. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Basi nikafungua mdomo. "Wakitaka biashara, tuwape biashara. Kila nyumba itundike kibao."

Walicheka. Kisha Mwalimu, ambaye amestaafu ila bado huongea kama darasa limejaa, akauliza, "Kibao cha nini, binti?"

"Cha chochote, Mwalimu."

Hawakucheka tena. Walianza kufikiri.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua siku nne mfululizo, na chini ya mvua hiyo mtaa umeota vibao. Mwalimu ameandika BARUA NA HESABU. Nyumba ya karibu na ghala wanauza maua ndani ya makopo. Mmoja ameandika USHAURI, hakusema wa jambo gani. Na Mama Pacha, jirani yangu wa ng'ambo, ambaye pacha wake wamekwenda shule miaka yote na mashati yaliyokunjamana mpaka walimu wakazoea, ameandika TUNAPIGA PASI. Nilicheka peke yangu dirishani hadi machozi.

Sisi tuna FUNDI REDIO NA FENI, kazi aliyoifanya Baba tangu ujana hadi macho yalipomwacha. Nilipogongomea kibao aliuliza nimeandika kwa rangi gani. Nyekundu, nikasema.

"Mimi nilikuwa natumia bluu."

Nimekiteremsha. Nimepaka upya, bluu.

Jumanne, 19 Machi

Meza haina kitu juu yake, na fundi asiye na kitu mezani ni mzee aliyekaa tu. Nikavuka kwa Mama Pacha, nikamwomba alete feni yake, nzima kabisa, iwepo afisa akipita. Aliileta chini ya mwavuli. Baba aliiwasha, akaiinamia, akasikiliza muda mrefu.

"Beringi inalalamika," akasema.

Mama Pacha alinitazama kwa jicho pembe. Baba akatia matone mawili ya mafuta, akafuta mikono, akasema tayari. Mama Pacha akashukuru kwa adabu zote, akaondoka anajizuia kucheka.

Jumamosi, 23 Machi

Nimeota mtaa unaelea, nyumba zote zimefungwa kwa uzi mmoja, na mimi nimeshika sindano.

Jumatano, 27 Machi

Afisa amefika. Nilimtarajia mwanamume mwenye tumbo, akaja binti mwembamba amevaa mabuti ya mvua, faili lake ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, kwa hiyo nilimwona akija nyumba kwa nyumba, anasimama, anasoma kibao, anaandika. Watu wamejipanga milangoni na nyuso za biashara. Kwa Mwalimu palikuwa hata na foleni ya watu watatu, wote ndugu zake.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Baba alipofika kwetu.

"Marahaba, mwanangu. Buti lako la kushoto limeingia maji."

Afisa aliangalia mguu wake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie mtaani. Akaona redio yetu mezani, akaona bisibisi, akaandika. Niliuliza tumefika nyumba ngapi za biashara. "Ishirini na nane," akasema, na mimi nikajiona nimeokoa mtaa mzima.

Jumapili, 31 Machi

Mvua. Tumelala mchana kutwa.

Jumatano, 3 Aprili

Nilidhani baada ya hesabu tutavishusha vibao. Hakuna aliyeshusha. Leo nimerudi saa nane mchana, mbingu nzito, taa zimewashwa kabla ya wakati, na mtaa ulikuwa na watu nisiowajua. Wanatembea polepole chini ya miavuli, wanasoma vibao, wanaingia. Yule wa ushauri anashauri. Maua ya makopo yamekwisha, wanapanda mengine.

Mezani kwa Baba kuna redio tatu na pasi moja. Wenye nazo wanatoka mtaa wa pili na wa tatu. Hamwoni mtu, haioni redio, ila anaisogeza karibu na sikio, anagonga kidogo na ukucha, anasema "hapa". Vidole vilivyokuwa vinatetemeka akishika kikombe vinaingiza bisibisi bila kupapasa. Tuliongea naye wakati wa kula. Baba, ambaye kwa miaka kumi na moja hunijibu maneno matatu, amenieleza habari ya waya kwa muda wa sahani nzima.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimefurahi. Naandika tu ili iwepo mahali imeandikwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Karakana imepata kazi ya mapazia ya halmashauri, ghorofa ya pili, na mimi nilitumwa kupima madirisha. Nimeingia na futi yangu shingoni kwenye chumba kirefu, meza zimejaa karatasi, mvua inateremka kwenye vioo hivi kwamba chumba kizima kilikuwa na mwanga wa chini ya maji. Ukutani ramani kubwa. Makazi yamepakwa njano, biashara nyekundu. Nilipanda kwenye kiti kupima reli, nikageuka, na nilipogeuka uso wangu ukawa mbele ya mtaa wetu. Niliutambua kwa kona yake. Pande zote njano, na katikati mstari mmoja mwekundu.

Nilibaki juu ya kiti. Yule binti wa mabuti ndiye aliyenikuta.

"Mama, utaanguka."

"Huu wekundu ni wa nini?"

Akanikumbuka. Akafurahi hata. Alinieleza kama mtu anayekuletea habari njema: mtaa ambao nusu ya nyumba zake au zaidi zinafanya biashara hubadilishwa kuwa eneo la biashara. Na katika eneo la biashara, kila kiwanja kinachotazama barabara lazima kijengwe ghorofa nne kwenda juu, maduka chini, ndani ya miaka mitatu. Asiyeweza huungana na mwekezaji, au humuuzia. Mwekezaji yupo tayari. Michoro ilikuwa kwenye meza ya pili, nyumba ndefu za vioo, na vijiti vidogo vya watu wanatembea chini bila nyuso.

"Na kama tungebaki makazi?"

"Msingeguswa. Imeandikwa ukurasa wa nne."

Nilimuuliza kama kuna njia. Akaangalia mlango, akapunguza sauti. Pingamizi, akasema, kabla ya saa tisa na nusu alasiri tarehe tatu Mei. Zaidi ya nusu ya nyumba, yaani kumi na tisa, kila moja iandike kwa mkono wa mwenyewe kwamba biashara ile haikuwa ya kweli. "Mama," akaongeza, "mimi niliandika nilichokiona."

Hana kosa. Kinyozi alisikia nusu, mimi nikamalizia nusu nyingine kwa kichwa changu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kusoma. Mdomo wangu umeniponza, na umeziponza nyumba thelathini na tano nyingine.

Nimepima madirisha yote vibaya. Jumatatu itabidi nirudi.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimewaambia wote kwa Kinyozi, nimesimama. Kinyozi aliinamisha kichwa akajichana kwa kitana chake. Mwalimu akasema, "Tulipaswa kuomba waraka." Baba hakuwepo, alikuwa na redio ya mtu. Ilinifaa hivyo.

Mama Pacha hakupandisha sauti. "Ni wewe uliyetuambia tutundike. Sasa ni wewe unayetuambia tuseme tulidanganya."

"Ndiyo, jirani."

"Haya."

Jumanne, 16 Aprili

Sahihi tatu. Mvua ya mawe kidogo jioni, imepiga mabati kisha ikajutia.

Jumapili, 21 Aprili

Saba. Watu wananikaribisha, wananipa kiti, wananiambia watafikiria. Kila nyumba ninayoingia mtu anafanya kazi yake ya uongo kwa bidii. Mwenye maua amenionyesha chipukizi kama mtu anavyokuonyesha mjukuu. Nilisahau nilichofuata, nikatoka na kopo la maua.

Alhamisi, 25 Aprili

Kumi na mbili. Mwalimu ameandika kurasa mbili, na katika kurasa mbili hizo hakuna mahali amesema alidanganya. Nilimwomba aandike upya. Ameandika upya, kurasa tatu, na neno lenyewe liko mwishoni kabisa, dogo.

Jumanne, 30 Aprili

Kumi na nane.

Nimekwenda kwa Mama Pacha nikijua jibu. Chumba kilikuwa na mvuke, mashati yamening'inia kila mahali, meupe, yamenyooka, na yeye katikati yake na pasi mkononi. Hakuacha kazi.

"Miaka ishirini nimekuwa mama wa fulani," alisema. "Jana mtu amegonga mlango akauliza, hapa ndipo kwa fundi wa kupiga pasi? Nikamjibu, ni mimi. Sitaandika kwamba ni uongo."

"Nyumba itakwenda, jirani."

"Najua. Usinieleze habari ya nyumba. Niache kidogo tu."

Nilikuwa namwona mvivu. Miaka yote nimeishi ng'ambo yake na kumcheka mashati ya wanawe, na sikuwahi kujiuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwambia kazi yake ni nzuri. Nimetoka bila kuaga.

Wengine wote wamekataa; inabaki nyumba moja. Nyumba hiyo ni yetu.

Jumatano, 1 Mei

Sikumwambia.

Alhamisi, 2 Mei

Karatasi yetu, niliyokwisha kuiandika nikabakiza mstari wa Baba, imekuwa ndani ya kitambaa cha pazia chini ya kitanda changu siku kumi na tisa. Kila nilipotaka kuitoa, Baba alikuwa na kitu sikioni. Nitamwambiaje aandike kwamba meza ile ni uongo? Lakini asipoandika, miaka mitatu na haya yote yamekwisha, kona, geti, hatua mia mbili na kumi na mbili, na yeye kwenye kiti kwa Kaka. Nimejaribu kuchagua mpaka kichwa kimeniuma. Kazini nilishona pindo moja mara tatu nikalifumua mara tatu.

Nilimkuta mlangoni, amekaa anasikiliza mvua. Ilikuwa imebaki ya kudondoka kwenye kingo za bati tu, na mtaa wote ulikuwa na mwanga ule wa njano unaokuja baada yake, vibao vinang'aa.

"Utanisomea lini hiyo karatasi?" akasema.

Nikajifanya hamnazo. "Karatasi gani, Baba?"

"Unayowapelekea watu. Kinyozi ameniambia wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nakungoja."

Nikaileta. Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, nikasoma, na nilipofika kwenye maneno "biashara hii haikuwa ya kweli" nikaishia hapo. Nikalia, mtu mzima mimi wa miaka arobaini na minane, nimeshika magoti ya baba yangu. Nikamwambia yote. Kwamba vibao ni wazo langu. Kwamba hata feni ya Mama Pacha ilikuwa nzima, nilimwomba ailete.

"Ilikuwa nzima sana," Baba akasema. "Sijasikia feni nzima kama ile."

"Lakini ulisema beringi."

"Sasa ningesemaje? Yule mama amevuka barabara na mvua kuja kunidanganya kwa heshima. Ningemwambia rudi nayo?" Alikuwa anatabasamu upande. "Nikatia mafuta. Mafuta hayamdhuru mtu."

Tulicheka wote, na mimi bado nalia. Kisha mkono wake ukarudi mezani, ukazigusa redio moja moja.

"Ilikuwa uongo siku ya kwanza," akasema. "Ya pili ikaja pasi ya kweli. Utaliandika hilo?"

"Hawana nafasi ya hilo, Baba. Ni ndiyo au hapana."

"Haya. Niongoze mkono."

Niliongoza mkono wake hadi kwenye mstari. Aliandika jina lake lote, herufi zimepanda juu kidogo mwishoni, na neno "haikuwa" akaliandika mwenyewe kama wanavyotaka.

"Umefanya hivi kwa ajili ya matembezi yangu," akasema.

Nilikunja karatasi. Alijua.

Ijumaa, 3 Mei

Nimekabidhi saa tisa kasoro. Binti wa mabuti alihesabu mara mbili, kumi na tisa. Leo alikuwa amevaa viatu vya kawaida.

Jumanne, 14 Mei

Hakuna jibu. Mvua inapungua, inakuja kwa kusahau. Baba anafanya kazi kuliko kawaida, hataki hata kula.

Jumanne, 28 Mei

Wamebandika jibu kwenye nguzo ile ile. Mtaa unabaki makazi. Vibao na biashara zote zisizo na leseni ziondolewe kabla ya tarehe nane Juni. Kinyozi peke yake anabaki, alikuwa na leseni tangu zamani. Watu walisoma kimya, wengine wakanishika mkono. Mama Pacha alisoma, akaenda zake.

Jumamosi, 8 Juni

Tumeshusha. Jua limetoka kali, kuta zina alama za mraba mahali vilipokuwa. Nilimuuliza Baba nikiweke wapi kibao chake, akasema popote. Wenye redio wamekuja kuzichukua.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi hakwenda kutembea. Nimemwomba, akasema miguu. Amejibu maneno matatu leo, nimeyahesabu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimerudi saa nane. Kiti kitupu, fimbo haipo.

Nilikwenda mtaa mzima hadi ukuta wa ghala, hayupo. Nikageuka hadi kona. Kinyozi alikuwa anamnyoa mtu.

"Mzee amepita saa nne."

"Kwenda wapi?"

"Amevuka." Alionyesha kwa mkasi ng'ambo ya barabara kubwa, kule ambako Baba hajawahi kuweka mguu tangu macho yamwache. "Nilimwambia nimshike mkono, akakataa. Amebeba mfuko wa bisibisi."

Sikuweza kuvuka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilisimama ukingoni, magari yanapita, na mtaa ule wa pili ukaniogopesha kama ningekuwa mimi nisiyeona. Mimi hukunja kushoto kwenda kazini, miaka yote, sijui kule kuna nini. Nikarudi nikakaa kizingitini. Mama Pacha alikuwa mlangoni kwake, mikono haina kitu. Tukatazamana, hatukusalimiana.

Alirudi saa kumi. Nilimsikia kabla sijamwona, fimbo yake inagonga taratibu, hana haraka, anaongea peke yake. Vidole vyeusi kwa mafuta.

"Ulikuwa wapi, Baba?"

"Kazini. Kuna mama wa mtaa wa pili mwenye jokofu, alikuja kunitafuta hapa, akakuta nimefunga. Jokofu halibebeki. Nikaenda mimi." Alijikalisha kitini, akavuta pumzi. "Hatua mia nne na tisini. Nyumba ya tatu wana mbwa, mwoga. Pale mbele wamemwaga kokoto, mtu mjinga ataanguka."

"Nani amekuonyesha njia?"

"Niliuliza. Watu wana midomo."

Nikauliza lile nililokuwa naliogopa. "Kule kwa Kaka, miezi miwili, hukuvuka hata baraza. Mbona?"

Alifikiri. Uso wake ulikuwa umegeukia barabarani.

"Kule hakuna aliyekuwa na haja nami mahali popote," akasema. "Ningekwenda wapi?"

Niliwaandikisha watu kumi na tisa uongo juu ya nafsi zao, nikamnyang'anya Mama Pacha pasi yake, kwa ajili ya hatua mia mbili na kumi na mbili ambazo Baba hakuwa akizihitaji kama nilivyodhani. Nilikasirika. Nilimfurahia mno. Nilitaka kwenda ng'ambo nikapige magoti kwa yule mwanamke, na bado sijui nitaanza na neno gani nikifika.

Baba aliomba sabuni. Nikamletea na beseni, akanawa polepole, kidole kwa kidole, akaniuliza kama kesho itanyesha, kwa sababu amemwahidi jirani wa yule mama kwamba atafika mapema.